Baba wa likizo na matope ya Aprili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, Salma wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 14. Tunaishi Göteborg, Sweden, kwetu ni Tanga. Mke wangu amerudi kazini mwezi Machi, nami nimechukua likizo ya wazazi hadi Agosti. Nilidhani itakuwa raha. Asubuhi ni vita vya nguo, ikifika saa 5 nimeshaishiwa, sijui niwafanyie nini siku nzima. Usiku Salma hataki kulala, anasema jua bado lipo. Nikimsemesha Kiswahili anajibu Kiswidi. Juzi nilimfokea mpaka nikajichukia. Na ndugu zangu kwenye kundi la WhatsApp wameniita yaya. Nifanyeje ili likizo hii isipotee bure? Baba Salma.

JIBU: Marahaba, Baba Salma. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona malalamiko matano. Mara ya pili nikaona mengi kati ya hayo yana shina moja, nalo umelitaja mwenyewe: "niwafanyie nini siku nzima". Umejigeuza mwenye shughuli, watoto wamekuwa wageni waalikwa, na unahangaika wasichoke. Nimefanya kazi ya chekechea nchi hii miaka 22, nalipwa mshahara, tuko watu watatu darasani, na bado sijaweza kutumbuiza watoto kutwa nzima. Wewe uko peke yako, na mmoja bado anavaa nepi.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Pangani. Kusi likikaza, ngalawa hupandishwa ufukweni na baba akawa wetu, siku mbili, pengine wiki. Sikumbuki hata mara moja akiketi chini kutuchezesha. Alikuwa na nyavu za kushona. Sisi tulimshikia ncha, tukampa uzi, tukaharibu, akafumua, akaanza upya huku akituuliza wavu huu ni wa dagaa au wa changu. Majina ya samaki nimeyajulia pale, tasi, kolekole, nguru, na matusi mawili matatu pia, maana sindano ilikuwa inamchoma. Hakuna jirani aliyemwita yaya. Alikuwa mtu mwenye kazi zake, na watoto walikuwa ndani ya kazi hizo.

Hilo ndilo ninalotaka uchukue. Usiwatafutie watoto shughuli. Fanya shughuli zako, uwape mahali pa kushika.

Sasa tuingie kwenye vita vya nguo, na hapa nitakaa sana, kwa sababu pale mlangoni penu pana utajiri kuliko viwanja vyote vya michezo vya Göteborg.

Majira haya ya machipuko ni magumu kwa nguo kuliko hata Januari. Januari unajua moja tu: vaa kila kitu. Aprili saa 2 asubuhi unaweza kukuta nyuzi 2, saa 8 mchana zimefika 14, katikati mvua imenyesha, na theluji iliyoyeyuka imeacha tope. Kwa hiyo mtoto anahitaji fulana ya ndani, sweta, ile suruali ya mpira yenye kanda za mabegani, koti, buti, kofia nyembamba na glavu. Vitu saba kwa mtoto mmoja, vinne vinabana. Ukiwa na dakika 10, lazima mtapigana. Kwa hiyo ongeza muda kwanza. Dakika 30, na uzihesabu kuwa ni sehemu ya siku yenyewe, siyo maandalizi ya siku. Mna haraka gani hasa? Bosi wako hadi Agosti ni mtu wa miezi 14.

Nguo zipange sakafuni kwa mstari, ya kuvaliwa kwanza iwe karibu na Salma. Buti zake chukua stika moja ya mnyama, ikate katikati, nusu ibandike ndani ya buti la kulia na nusu ndani ya la kushoto. Akizisogeza zikae vizuri, mnyama anakamilika, na habari ya kulia na kushoto imekwisha bila mjadala. Koti lilaze chini, ndani kukiwa juu, kola ikiwa upande wa vidole vyake vya miguu. Anainama, anaingiza mikono yote miwili, analirusha juu ya kichwa, limemvaa. Mara ya kwanza litaning'inia kama gunia. Siku ya nne atawafundisha wenzake. Mdogo mvike mwisho kabisa, kwa sababu mtoto aliyevalishwa sufu akakalishwa ndani anatoka jasho, na mtoto wa jasho analia, na kilio chake ndicho kinachokufanya umfokee dada yake. Nikikisia kwamba hata ile juzi ilianza hivyo nitakuwa nimekosea?

Mkishatoka, joto lake lipime kwa vidole kwenye kisogo, chini ya kola. Viganja vya watoto wadogo huwa baridi, havikuambii kitu. Kisogo kikiwa na unyevu, vua sweta.

Halafu sikiliza maneno yanayotoka kinywani mwako mkiwa hapo. Vaa, vua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Chomeka, chomoa. Fumba macho nipitishe kofia, haya fumbua. Lugha yetu ina mtindo huu wa kulifanya tendo kisha kulirudisha kinyume kwa kubadili mkia wa kitenzi, na hakuna mahali pa kuusikia mara nyingi kwa siku kama pale penye buti. Mtoto hajifunzi Kiswahili kwa kuulizwa "hii inaitwaje?" kama yuko kwenye mtihani. Anajifunza mkono wake ukiwa kwenye zipu na neno likiwa sikioni kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo Salma akisema kwa Kiswidi kwamba buti limekwama, usimwambie "sema Kiswahili". Ukimwambia hivyo unampa sababu ya kunyamaza. Mjibu kile alichosema: "Ala, limekwama? Hebu tulikwamue." Umelipokea neno lake, umelirudisha kwa Kiswahili, na umemwongezea kinyume chake bure. Kesho mkwame tena. Mtoto wa miaka 4 anayekujibu kwa lugha ya chekechea haikatai lugha yako, anatumia iliyo karibu na ulimi. Kinachomfanya avuke upande wa pili ni haja. Kwako wewe hana haja, anajua unaelewa Kiswidi. Anamhitaji mtu asiyekielewa kabisa, na mtu huyo yuko Tanga. Nitamrudia.

Njiani tumia vitendawili. Jua la huku mwezi Aprili hukaa chini kuliko la kwetu, vivuli ni virefu, na mtoto aliyepitisha majira ya giza huviona kama vitu vipya. Kitendawili! Tega! Kila niendako ananifuata. Akishindwa, mdai mji. Niliwahi kupewa Göteborg yote na mtoto wa miaka 5, pamoja na tramu zake. Pasaka ikikaribia, maduka yote yamejaa mayai, mpe "nyumba yangu haina mlango". Hicho hatakisahau.

Haya, mchana. Andika kazi zako halisi za wiki na uone ngapi zina mahali pa mkono mdogo. Nadhani kama jengo lenu lina chumba cha kufulia cha pamoja, zamu yako umeiweka usiku watoto wakiwa wamelala, ili umalize haraka. Ihamishie asubuhi. Salma alinganishe soksi, mdogo atoe nguo kikapuni na kuzirudisha, atoe na kuzirudisha, hiyo ni kazi ya nusu saa na anaifanya kwa moyo wote. Kamba ikiwa roshani, kuna anika na anua. Hilo la pili mwanao hawezi kulijua bila mvua, na mvua mnayo. Piga kelele kama wanavyopiga kwetu wingu likitanda: "Anua nguo!" Wakimbie.

Osheni baiskeli. Fagieni roshani. Pandeni mchicha kwenye kikopo dirishani, ndani, maana baridi ya usiku inaweza kuua miche ya nje hadi mwezi Mei unapoelekea mwisho. Kwenye joto la ndani mbegu huota baada ya siku chache, na mtoto wa miaka 4 anaweza kuzingojea siku chache. Kitunguu kinachokaa ardhini miezi hawezi.

Mara moja au mbili kwa wiki nenda chekechea ya wazi, ile öppna förskolan ambayo mzazi anabaki na mtoto wake, hulipi na hujiandikishi. Usiende kwa ajili ya mtoto. Nenda ukaongee na watu wazima. Utakuta akina baba wenye macho mekundu kama yako. Na siku ikiwa nzuri kweli, nendeni Slottsskogen, ile bustani kubwa ya mji, kwenye uwanja wa michezo wa Plikta wenye yule nyangumi mkubwa, mkae mpaka njaa iwarudishe. Lakini hiyo iwe siku moja ya wiki. Ukienda kila siku umerudi kulekule kwenye kutumbuiza.

Na madimbwi. Najua unavuta mkono Salma akitaka kuingia. Tumetoka kwenye malezi ambayo maji ya barabarani ni kichocho na kipindupindu, mkono unavuta wenyewe. Suruali ya mpira umeinunua kwa kazi gani? Simama. Mwache arushe mawe, akoroge kwa kijiti, apime kina kwa buti. Dakika 20 za dimbwi zinakupa dakika 20 za kunywa kahawa yako ya chupa umesimama, na sijui kazi nyingine yenye masharti mazuri hivyo.

Mdogo kulala nje kwenye kigari ni desturi ya huku hata wakati wa baridi, na hewa hiyo huwalaza kweli. Tahadhari ya majira haya ni jua. Usifunike kigari kwa kanga au blanketi ili kuzuia mwanga. Hewa ya ndani hupanda joto upesi kuliko unavyodhani. Kigeuze, kiweke kivulini, mchungulie mara kwa mara.

Sasa usiku. Salma ana haki. Sisi tumelelewa na saa inayofuata jua: saa 12 jioni giza linaingia, saa 1 tumekula, saa 2 tumelala, na Tanga mambo hayabadiliki sana mwaka mzima. Saa yetu ilitungwa na watu waliokaa karibu na ikweta. Göteborg katikati ya Mei jua linazama baada ya saa 3 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Unamwambia mtoto "ni usiku" na yeye anaona mchana dirishani. Mmoja wenu anasema uongo, na yeye anajua siyo jua.

Usibishane naye juu ya jua basi. Mkubalie. "Kweli lipo, ila mwili wako umechoka, na nyumba inafunga." Kisha ifunge nyumba kweli: saa moja kabla ya kulala teremsha mapazia mazito nyumba nzima, siyo chumbani kwake tu, zima taa kubwa, punguza sauti, kwa mfuatano ule ule kila siku. Kuoga, nguo za kulala, mswaki, hadithi. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 10 na 13 za usingizi katika saa 24, mdogo kati ya 11 na 14 pamoja na wa mchana. Ukitaka kurudisha muda wa kulala nyuma, rudisha dakika 10 au 15 kila baada ya siku mbili tatu. Ile Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinaposogezwa mbele huwavuruga wengi, na wengine huchukua wiki nzima kukaa sawa. Kama bado analala chekechea mchana, ongea na walimu wamfupishie. Hili tunaombwa kila Aprili, hakuna atakayekushangaa.

Umefoka. Mwombe radhi, kwa maneno machache, siku hiyo hiyo au hata leo: "Juzi nilikupigia kelele, lilikuwa kosa langu." Usiongeze "lakini na wewe". Basi.

Machache ya afya niyapitie haraka. Kupe wameamka, huamka joto likipita nyuzi kama 5. Wa huku anaweza kuwa mdogo kama ufuta. Jioni wakati wa kuoga wakague kwapani, kwenye mapaja, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, na kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta, mng'oe kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi, bila mafuta wala kiberiti. Ukimwondoa siku hiyo hiyo hatari ya borelia, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe, ni ndogo. Doa linalotanuka kwa siku au wiki zinazofuata lionyeshe kwa daktari, na kumbuka kwamba kwenye ngozi yetu huenda lisiwe jekundu kama kwenye picha zao, linaweza kuwa la zambarau au jeusi kidogo. Uliza BVC, kliniki yenu ya watoto, kuhusu chanjo ya TBE, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe. Matone ya vitamini D usiache kwa sababu jua limerudi: mdogo anayapata kila siku mpaka afike miaka 2, na watoto wenye ngozi nyeusi hushauriwa kuendelea baada ya hapo, kwa hiyo ulizia na la Salma. Akipiga chafya na kujikuna macho bila homa mwishoni mwa Aprili, huenda ni chavua ya miti ya birch. Na barafu ya ziwani ya majira haya usiikanyage hata ukiona nyayo za mtu juu yake.

Limebaki la ndugu zako. Walipoanzisha likizo ya wazazi hapa Sweden mwaka 1974, nchi ya kwanza duniani kuifungulia mama na baba kwa pamoja, akina baba walichukua nusu ya asilimia 1 tu ya siku zote. Wanaume wa hapa nao waliona haya. Ikabidi serikali ibandike mabango, na kwenye bango moja mashuhuri la miaka ya 1970 walimweka mnyanyua uzito Lennart "Hoa-Hoa" Dahlgren, mtu wa mabega kama mlango, amempakata mtoto mchanga. Hata hivyo watu hawakuhama kwa picha. Zilihitajika siku ambazo baba asipozichukua zinapotea: mwezi mmoja mwaka 1995, wa pili 2002, wa tatu 2016. Leo katika zile siku 480 za likizo ambazo wazazi hupewa kwa kila mtoto, kila mzazi ana 90 ambazo hawezi kumpa mwenzake, na akina baba wanachukua karibu asilimia 30 ya siku zote. Hivyo ukiwaona akina baba wanasukuma vigari wawili wawili pale mjini usidhani walizaliwa hivyo.

Hayo usiyaandike kwenye kundi lakini. Ukijitetea wamepata burudani ya wiki. Fanya hivi. Tangu saa zisogezwe, Tanga wako mbele yako kwa saa 1 tu, wakati wa baridi zilikuwa 2. Saa 4 asubuhi kwako ni saa 5 kwa mama yako, chai imeshapita, chakula cha mchana bado hakijabandikwa. Na Aprili kwao ni masika. Mpigie video mkiwa kwenye dimbwi, buti zimejaa tope. Umwambie Salma aulize bibi naye ana matope kiasi gani, kisha umpe simu na ukae kando, usitafsiri. Bibi atapeleka simu uani aonyeshe. Salma atashusha simu aonyeshe lake. Bibi atauliza hilo la miguuni linaitwaje, mtoto atasema kwa Kiswidi, bibi hataelewa, atauliza tena. Usimsaidie. Hesabu mpaka 20 kimyakimya ukimshika mdogo asile mchanga.

Ukitaka kuirekodi uwatumie wale wa kundi, mwombe mama ruhusa kwanza. Wa kwetu hapendi kurekodiwa bila mtandio.